Jingo la kuimbwa au bedi ya ala tupu kwa redio inayoanza?

Mtoa mada ameuliza iwapo redio yake mpya ya mkoani, yenye fungu dogo, igharimie majingo yanayoimbwa, yaani vipande vifupi vya wimbo vinavyotaja jina la kituo, au muziki wa ala tupu unaopita chini ya sauti ya mtangazaji, yaani ule ambao sisi wa studio tunauita bedi. Nimekaa chumba cha uzalishaji kwa miaka 14, na ningeanza na bedi.

Wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam hawakuhitaji kuimbiwa jina la kituo. Ziliposikika ngoma za marehemu Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyemudu kupiga ngoma 17 peke yake, kila aliyekuwa karibu na redio alijua kwamba taarifa ya habari imewadia, na nyumbani kwetu watoto tulinyamaza kabla ya kuambiwa.

Jingo la kuimbwa lina nguvu yake, kwa sababu jina likishashikana na sauti za muziki halitoki kichwani kwa urahisi. Hata hivyo, mtindo huu ulikomazwa na Wamarekani kwa lugha yao. Kampuni ya PAMS ya Dallas, iliyoanzishwa mwaka 1951, ilirekodi ala mara moja, kisha waimbaji wakaweka juu yake jina la kila kituo kilichonunua; ndiyo maana BBC Radio 1, ilipoanza Septemba 1967, iliweza kutumia majingo yaliyotoka huko. Kwa Kiingereza, masafa ya 98.5 huimbwa kwa silabi tano. Jaribu kuimba "tisini na nane nukta tano" ndani ya sekunde tatu uone mwimbaji anavyohema! Isitoshe, mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi asiyelijali hilo akiweka noti ndefu pasipostahili, jina la kituo chako litasikika kama la kigeni. Kwa hiyo, ukiimbisha, imbisha jina tu, na masafa yasomwe.

Kuna kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki. Kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, kilinunua majingo 11 yaliyoimbwa pamoja na masafa. Baadaye tukafunga mtambo wa pili katika wilaya jirani, kwa masafa tofauti, na wasikilizaji wa huko wakawa wanaimbiwa namba isiyokuwa yao. Nilipotaka kuondoa sauti za waimbaji nibaki na ala, nikagundua kwamba tulikuwa tumekabidhiwa faili moja tu iliyokwisha kuchanganywa, na yule mtayarishaji alikuwa ameshafuta kazi ya awali. Tukayatupa yote 11. (Mhasibu wetu alinikumbusha jambo hilo katika kila kikao cha bajeti.)

Bedi nayo ina masharti yake, na hapa vijana wengi hukosea kwa kuchukua biti ya wimbo unaovuma na kusomea habari juu yake. Konsonanti zinazomwezesha msikilizaji kutofautisha maneno zinategemea sana eneo la hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 1,000 hadi 4,000, na humo humo ndimo gitaa la solo na saksafoni hujitanua. Mtangazaji akiongeza sauti kushindana nazo, wote wawili wanachosha. Mwombe mtunzi aache nafasi hapo, abaki na besi, ngoma na kinanda kilichotulia, na tungo la noti nne au tano lijitokeze mwanzoni na mwishoni tu. Tungo hilo hilo ndilo litakaloimbiwa jina la kituo siku mtakapopata fedha, ili msikilizaji asidhani amehamia redio nyingine.

Katika mkataba, andika kwamba utakabidhiwa ala peke yake, sauti peke yake, mchanganyiko kamili, na bedi ndefu inayoweza kuzungushwa bila kusikika ilipoungwa. Malipo ya mwisho yasitoke kabla hujazifungua faili zote nne kwenye kompyuta yako mwenyewe.