Gazeti Likisema Mahindi Yana Sumu

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni gazeti moja liliandika kwa herufi kubwa kwamba mahindi ya sokoni yana sumukuvu iletayo saratani. Mke wangu alitaka tumwage gunia zima, mama mkwe akashauri apewe ng'ombe. Habari za namna hii tuziamini kwa kiasi gani? – M.S., Tanga

JIBU: Ndugu M.S., sumukuvu, yaani sumu ya aflatoksini itengenezwayo na ukungu unaoota kwenye nafaka, ni hatari ya kweli, wala gazeti halikuizua; lilichoacha ni kipimo. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja, na habari isiyotaja kiasi kilichokutwa, katika sampuli ngapi na za soko gani, haijakueleza lolote kuhusu gunia lako. Idadi ya sampuli ni jambo zito, kwa kuwa ukungu hauenei sawasawa: hindi moja lililooza laweza kubeba sumu nyingi ilhali mengine yote ni mazima, hivyo kikombe kimoja kilichochotwa juu ya gunia chaweza kuiponza shehena safi au kuipitisha iliyo mbovu.

Waandishi pia huchanganya maradhi mawili. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki; baadhi ya mahindi yaliyopimwa yalizidi sehemu 1,000. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Saratani ya ini hutokana na kula kidogo kidogo kwa miaka, na humwandama zaidi mwenye homa ya ini aina ya B.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda, mjadala uligeuka upesi kuwa ugomvi wa biashara. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa sharti kwamba mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kuwa haujavuka kikomo hicho cha 10. Kwa maoni yangu, sharti hilo ndilo lililostahili herufi kubwa.

Kuhusu gunia lako, chambueni na kutupa punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye ukungu, kisha mkoboe kabla ya kusaga. Msitegemee moto, maana kupika ugali hakuiondoi sumu hii. Ng'ombe naye asipewe hayo makapi, kwani sumu humpitia na kurudi kwenu ndani ya maziwa.