Roboti ndani ya seli: nawajibu maswali yenu

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe, na wengine wote mambo. Juzi niligusia tu vijiroboti vinavyoingia ndani ya seli za mtu kwa ajili ya matibabu, simu haijapumzika tangu hapo. Leo Mbeya ukungu umeshuka hadi Mwanjelwa, bajaji unaisikia kabla hujaiona, kwa hiyo nimejifungia ndani na chai nawajibu.

*"Kaka hizo roboti zina mikono na macho? Zina ukubwa gani?" Uyole*

Hamna mikono wala macho ndugu yangu, na hilo jina roboti lenyewe linatudanganya kidogo. Nyingi ni vijiti tu vya metali. Vile vilivyotumika 2014 kwenye maabara ya mwanakemia Tom Mallouk huko Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, vilikuwa na urefu wa kama maikromita 3 (milimita moja ina maikromita elfu), yani chukua punje moja ya mchele wa Kyela, ili uimalize kwa urefu unapanga vijiti zaidi ya 2000 kichwa kwa mguu. Seli waliyoviingiza ina upana wa maikromita kama 20, sasa fikiria mwichi umelala ndani ya chumba.

*"Eti vinatengenezwa kwa dhahabu? Huku Chunya tuanze kujiandaa?" Chunya*

Hahaha. Kweli ni dhahabu, na metali nyingine inaitwa rutheni. Ila soko usilitegemee mzee, gramu moja tu inatoa vijiti mabilioni kwa mabilioni. Wanachukua kipande cha alumina (oksidi ya alumini) chenye vitundu vidogo mno, wanajaza metali mle kwa umeme kisha wanaiyeyusha ile alumina, vijiti vinabaki. Dhahabu haishiki kutu, ndo sababu mojawapo wanaipenda.

*"Betri inakaa wapi sasa? Na kinaingiaje kwenye seli bila kuitoboa?" Mafinga*

Hapa ndo patamu. Betri haipo. Vya zamani vilikuwa vinatembea kwa kemikali kama hidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda, na seli ukiiwekea hiyo inakufa, kwa hiyo ilikuwa kazi bure. Hawa wa Mallouk wakatumia mawimbi ya sauti, ndugu wa yale ya altrasaundi anayopimwa mama mjamzito. Kijiti kichwa kimoja kimebonyea kingine kimebinuka, sauti ikipiga haisukumi sawa pande zote, kinaenda. Usukani ni sumaku iliyoko nje. Na kuingia hakitoboi, wanaviweka pamoja na seli siku nzima na zaidi, seli inavimeza yenyewe kama inavyomeza uchafu mwingine.

Sasa kuna jambo watu wengi hawalijui. Lori likishuka Kitonga dereva akatia nyutro linaendelea lenyewe, si ndiyo? Kwa kitu kidogo namna hii hiyo haipo kabisa, maji kwake ni mazito kuliko asali kwetu, ukizima sauti kinasimama papo hapo. Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza hili 1977, kwamba huko chini hata kuogelea kwa kupiga mguu mbele nyuma mbele nyuma hakukupeleki popote, unarudi ulipoanzia. Ndo maana bakteria wana mkia wa kuzunguka kama parafujo.

Sauti ikiwa ndogo seli haijali sana. Wakiiongeza, kijiti kinagonga kuta na kuzunguka kama mwiko kwenye uji, kinavuruga kila kitu mle ndani, na kwa seli ya saratani hicho ndo unachokitaka. Ila angalia, hizo zilikuwa seli kwenye kisahani cha maabara, siyo ndani ya mtu. Zinaitwa HeLa, zimetokana na Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki 1951, zilichukuliwa bila kumwomba ruhusa na zinakuzwa mpaka leo. Mi kila nikisoma utafiti wa HeLa namkumbuka huyo mama kwanza.

*"Kwa hiyo chanjo ya korona ilikuwa na hivyo vitu?" Makambako*

Hapana. Ya Pfizer na Moderna ni vitone vya mafuta vya nanomita kama 100 (nanomita elfu ndo maikromita moja) vimebeba mRNA, yani maelekezo ya kuiambia seli itengeneze protini gani. Havina injini, havina usukani, vinapelekwa na mwili wenyewe.

*"Mwanangu, hapa stendi kuna kijana anauza matone ya roboti za nano, anasema zinaingia kwenye seli zinatoa sukari, chupa elfu themanini na tano. Ninunue?" Tukuyu*

Shikamoo mama. Usinunue, tafadhali. Hakuna hospitali inayomtibu mtu kisukari kwa roboti za ndani ya seli, siyo hapa siyo Ulaya. Hata zile nyingine zilizotengenezwa kwa DNA iliyokunjwa kama mrija, zilizopelekwa kuziba damu ya uvimbe wa saratani mwaka 2018, zilijaribiwa kwa panya. Na jiulize mama, hivi vya metali bila mashine ya sauti na sumaku ni vijiti tu vimelala, sasa huyo kijana usukani kaweka wapi, mfukoni? Dawa zako za kliniki usiziache hata siku moja. Akikusumbua tena mwambie akuonyeshe namba ya usajili wa TMDA, ile mamlaka ya dawa, kwenye hiyo chupa, afu unitumie picha niione.