Tairi mpya inagusa madigadi? Grainda isubiri kwanza

Trekta yangu ndogo ya Kijapani, inayolima mpunga huku Mabogini, ilikuja na tairi za nyuma 8.3-24. Zilipoisha kashata, yale meno ya mpira yanayoshika udongo, nikaambiwa pale dukani Moshi mjini kwamba namba hiyo hakuna, nichukue 9.5-24, rimu ni ile ile.

Rimu kweli ni ile ile, inchi 24. Kilichobadilika ni namba ya kwanza, yaani upana wa tairi. Toa 8.3 kwenye 9.5, unapata inchi 1.2, sawa na milimita 30. Gawa kwa mbili, kila ubavu umeongezeka milimita 15. Ukiitamka ni kidogo. Lakini kama zamani kati ya tairi na madigadi kilipita kidole kimoja, sasa hata kisu kinapita kwa shida. Tena tairi mbili zenye namba moja, zikitoka viwanda tofauti, huwa hazilingani sawasawa. Pima kwa futi pale pale dukani, tairi ikiwa imejazwa upepo.

Sasa fundi atakuja na grainda akate madigadi. Mwambie anywe chai kwanza, kwa sababu mara nyingi madigadi ndiyo inayoonekana, kumbe kinachokula tairi ni mnyororo wa kuzuia jembe lisiyumbe, kule ndani usikokuona. Chukua chaki ya shule, paka ubavu wa ndani wa tairi kuzunguka mzima. Funga jembe, linyanyue mpaka juu, lisukume kushoto na kulia kwa mikono, lishushe, halafu tembeza trekta kidogo kwenye matuta. Zima, inama utazame: chuma chenye unga mweupe ndicho chenye kesi. Fanya hivyo trekta ikiwa na uzito wake wote wa kawaida, kwa sababu tairi iliyobeba mzigo hutanuka chini.

Nafasi ya kutosha ni ipi? Kwenye udongo wa kichanga hata vidole viwili vinatosha. Kwenye majaruba ya mpunga mimi sikubali chini ya sentimita 5, maana tope letu hili likishajaa kati ya tairi na bati, hukaa pale likikauka na kusaga mpira siku nzima.

Dawa ya kwanza haina gharama zaidi ya jasho. Trekta nyingi ndogo zina gurudumu la nyuma ambalo ile sahani ya chuma ya katikati imebonyea upande mmoja. Ukiligeuza, la ndani likawa nje, tairi inasogea mbali na madigadi. Ila la kushoto lazima lihamie kulia na la kulia kushoto, la sivyo kashata zitaelekea kinyume na trekta itabaki inateleza. Na kama ulijaza maji, yamwage kwanza: gurudumu lenye maji linaweza kupita kilo 100, na jeki peke yake si ya kuaminiwa, weka magogo. Kwa kuwa magurudumu yametanuka, rekebisha pia jembe, mfereji wa kwanza hautakaa pale ulipozoea.

Sahani isipogeuzika, ndipo uende kwa mkereza vyuma akutengenezee spesa ya kusogeza gurudumu nje, kipande kimoja kinene kilichokaa sawa kwenye habu, yaani kitovu gurudumu linapofungwa, na bolti ndefu zaidi. Wosha zilizopangwa kama chapati sizitaki kuziona. Na spesa ni za nyuma tu. Mbele kwenye foo wili, yaani trekta inayovuta kwa magurudumu yote manne, zinaumiza bearingi na gia za ekseli.

Kwa mbele tatizo huja ukikata kona. Pandisha gurudumu moja juu ya gogo ili ekseli ilale, kisha kunja usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Ikigusa, tafuta bolti inayozuia usukani karibu na kiungo cha gurudumu, ifungue kidogo itoke nje, halafu kaza nati yake. Utapoteza kona kidogo, basi.

Kabla ya kurudisha magurudumu, kwangua kutu na rangi nene pale sahani inapokutana na habu. Rangi ikipondeka, nati zinalegea. Kaza tena baada ya saa moja ya kazi, na tena jioni.

Kuna jambo ambalo muuza tairi hatakuambia. 9.5-24 ni ndefu pia kwa kimo, mzunguko wake unazidi wa 8.3-24 kwa kama asilimia 5. Trekta za foo wili hupangwa magurudumu ya mbele yatangulie kidogo tu, asilimia chache. Ukikuza ya nyuma peke yake, ya mbele yanabaki kusukumwa. Kwenye tope yatateleza na hutajua. Ukitoka shambani kwenda barabara ya lami, toa foo wili kabla hujapanda lami, na ukibahatika kupata tairi za mbele zilizokua kwa kiwango hicho hicho, zinunue.