Eti "ikiwaka na ikisoma gemu namlipa mtu"? Mkuu ngoja kwanza

Mkuu unayeanza kazi duka la gemu Jumatatu, swali lako nimelisoma lote, umeuliza siku inaendaje, unavaa nini, kama mnaruhusiwa kucheza, wateja wasumbufu unawafanyaje, sawa, ila mimi nimekwama kwenye sentensi moja umeiandika kama vile ni jambo dogo, eti umeshapangiwa kupokea mashine za gemu za mtumba na "ikiwaka na ikisoma gemu namlipa mtu." Hapana. Hapana kabisa aisee.

Mimi hiyo sentensi nilipewa hivyohivyo, neno kwa neno, wiki yangu ya pili kazini, na mshkaji aliyenitangulia pale dukani miaka minne, mtu wa kujiamini, funguo za stoo zinaning'inia kiunoni kama bwana jela. Nikamuamini. Ungekuwa wewe usingemuamini mtu mwenye funguo?

Sasa jioni moja tunakaribia kufunga, akaingia jamaa mstaarabu, salamu mpaka za familia, kafungua begi la mgongoni: Nintendo Switch nne, zile mashine za gemu za kushika mkononi. Nne! Kila moja na chaja yake, zimefutwa vumbi, skrini hazina mkwaruzo, anasema alikuwa anachezesha watoto kwa kulipisha na biashara kaifunga. Mimi nikajifanya fundi. Nikawasha mojamoja, nikachomeka kikadi cha gemu, likafunguka, nikacheza raundi mbili (hiyo ya pili haikuwa ya lazima, nakiri), sauti ipo, chaji inaingia, vitufe vyote vinabonyea. Waifai ya duka siku hiyo ilikuwa inasuasua, nikamuuliza mshkaji vipi, niziunganishe na mtandao kwanza? Akaniangalia kama nimemuuliza maji yanalowesha au hayalowesi. "Imewaka, imesoma, lipa, unaona foleni hiyo." Foleni yenyewe mtu mmoja, na alikuja kuuliza tunafunga saa ngapi.

Nikalipa. Tena nikamsindikiza jamaa mpaka mlangoni. Cheka tu.

Wikiendi zikauzika zote nne, bosi akanipongeza mbele ya watu, nikavimba kichwa. Jumatatu asubuhi hatujafungua hata geti, mama mmoja yuko nje na mtoto kalikumbatia boksi kifuani. Mtoto hakulia wala nini, alikuwa keshaiwasha kabisa kanyoosha mkono kunionesha ushahidi, kila wakigusa kitu cha mtandaoni inatokea namba 2124-4007. Nikamwambia mama hiyo ni intaneti ya kwako nyumbani. Mungu anisamehe. Nikaiunganisha na simu yangu, 2124-4007. Nikaisogeza dirishani kama vile natafuta stesheni ya redio, 2124-4007, na mtoto ananiangalia tu.

Hiyo namba mkuu maana yake Nintendo, kampuni inayozitengeneza, wameifungia mashine yenyewe isiingie mtandaoni. Tatizo sio mtandao wala akaunti ya mtu. Mara nyingi ni kwamba kuna aliyeichezea, kaweka gemu za wizi, wakamnasa. Uifomati, ubadilishe akaunti, uiombee, haiachii, kufungiwa kumekaa kwenye kifaa. Na hapo ndo penye mtego, vikadi vya gemu inasoma vizuri kabisa, raundi zako mbili utacheza, kwa hiyo mimi jioni ile nilipima kila kiungo isipokuwa kile kinachoumwa.

Kufika Jumatano zimerudi zote. Wateja wakarudishiwa hela zao, mimi nikakatwa mshahara miezi mitatu, na kwenye kikao yule bwana funguo akasema, namnukuu, "mimi nilimwambia azikague vizuri." Vizuri! Hilo neno jioni ile halikumtoka hata kwa bahati mbaya. Halafu kuna hawa wa video za "pima mashine ya mtumba kwa dakika mbili", nilishaziangalia zote kabla sijaanza kazi, wanakuonesha kupuliza vumbi na kumulika tochi kwenye feni, kuingia mtandaoni hakuna anayegusia, maana ukingoja intaneti dakika mbili zinakwisha video bado haijaanza.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote kwenye jibu langu unaweza kuyatupa: hela haitoki kwenye droo mpaka mashine imeingia mtandaoni mbele ya macho yako NA MUUZAJI BADO KASIMAMA HAPOHAPO. Mwambie bosi mtengeneze akaunti ya dukani ya majaribio, moja ya Nintendo, moja ya PlayStation, moja ya Xbox. Mwenye mashine aondoe akaunti yake mwenyewe kwa mkono wake, asikuahidi ataiondoa akifika nyumbani, airudishe hali ya kiwandani, halafu wewe ingiza ya duka. Kwenye Switch fungua eShop, lile duka lao la mtandaoni, ikifunguka endelea, ikigoma na ile namba mrudishie begi lake kwa heshima zote. Waifai ikisumbua tumia bando la simu yako, bora bando kuliko mshahara. Ukishaingia weka gemu zito iache ikimbie nusu saa usikie feni, na pedi iweke mezani usiiguse, yule mhusika kwenye skrini akianza kujiendea mwenyewe kona ya ukuta ujue kijiti cha kumuelekezea kwenye pedi kimeshachoka. Muuzaji wa haki atakaa atasubiri. Yule wangu ningemwambia nusu saa angekumbuka basi linamuacha.

Tena nimekumbuka, kama mna ile mashine ya kusugua CD zenye mikwaruzo, usiweke gemu za PlayStation, yaani PS3, PS4 wala PS5, ovyo. Hizo ni Blu-ray, aina nyingine ya CD, data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, wakati DVD kama za PS2 ni 0.6, kule una nafasi ya kusugua. Hili nalo nimelijua kwa njia ileile ninayojulia mambo yote.

Siku yenyewe inaendaje... unapanga makasha matupu kwenye shelfu, CD zenyewe zinakaa nyuma ya kaunta, mzazi anakuja anataka "ile ya mpira", unamuuliza mashine gani, anasema nyeusi. Mwambie apige simu nyumbani aulize kama ina mdomo wa kuingizia CD, kwa sababu Xbox Series S haina, PS5 Digital Edition haina, na akishachana nailoni anakurudia wewe. Kucheza mtacheza, ila ile menyu ya gemu la maonesho na muziki wake uleule kutwa nzima, mimi mpaka leo nikiusikia nashika droo.

Ile Switch aliyorudisha yule mama na mtoto, bosi aliniachia, si nilishailipia. Ninayo nyumbani, nacheza peke yangu, intaneti nimeizima kabisa nisiione ile namba.

Kuhusu nguo sijui, vaa viatu laini, utasimama sana.