Namba za M-Pesa si ruhusa ya kutuma matangazo

Dada, umeuliza kama unaweza kuwatumia SMS za ofa wateja waliolipia viatu kwa M-Pesa. Si hivi hivi. Namba ilikujia kwa sababu ya malipo, basi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 kinataka ridhaa ya wazi kabla ya kutumia data ya mtu kibiashara.

Weka vikaratasi kaunta: jina, namba, tarehe, "Nakubali kutumiwa ofa", sahihi. Usitumie daftari la wazi, maana kila mteja atasoma namba za wenzake. Vitunze, ndio ushahidi wako. Kila SMS itaje duka na njia rahisi ya kujitoa. Akijitoa, mwekee alama asirudishwe kwa bahati mbaya. Orodha za namba zinazouzwa? Usiziguse.