"Has gone" na "has been": zote si "amekwenda"?

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu amekukata kwenye "My father has been to London" wakati ulitaka kusema baba amekwenda London, na kamusi inakupa "amekwenda" kwa zote mbili. Pole. Hapo hata mimi niliumbuka.

Mteja alituandikia barua pepe akimtaka bosi wangu. Bosi alikuwa safarini, nikajibu kwa kujiamini: "He has been to London." Jibu likaja mara moja: vizuri, basi mpe simu niongee naye. Kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba bosi alifika London na amesharudi! Nilitakiwa kuandika "He has gone to London": kaondoka, pengine yuko njiani, pengine keshafika, ila hapa hayupo.

Kinachotuponza ni tafsiri. "Amekwenda" iachie "has gone" peke yake. "Has been to" itafsiri "amewahi kufika", utaona mambo yananyooka.

Ukikwama, jiulize nani anaisema sentensi. Aliyekwenda hayupo hapa kujisemea, kwa hiyo "I have gone to London" inafaa kwenye karatasi uliyobandika mlangoni. Ukiwa uso kwa uso na mtu ukimsimulia safari zako, ni "I have been to".

Hiyo "been" nayo ina vituko. Ni kitenzi cha "kuwa", lakini kwenye hali timilifu (ile ya "has" au "have" mbele ya kitenzi) inakubali "to" ya mwendo. Jaribu kusema "I am to London" uone watakavyokushangaa. Halafu Waingereza wanaikatia hapohapo: "The doctor has been", yaani daktari alikuja, akamaliza shughuli yake, akaondoka. Wakisema "The doctor has come", bado yupo. Hii sikufundishwa darasani, niliidaka kwenye maongezi.

Angalia pia "to" ikigeuka "in". "He has been in London for two years" ni mtu ambaye mpaka sasa yuko hukohuko.

Ukitaja jana au mwaka jana, achana na hali timilifu, andika "went". Sisi "amekuja jana" inapita mtaani, Kiingereza hakitaki.

Kwa hiyo kama mzee bado yuko London, andika "has gone". Ile sentensi yako ya kwanza usiifute, akirudi itakuwa sahihi.