Kupiga video za skii kwa staili ya sketibodi wakati mfuko hauna kitu

Wengi wanaotaka kuiga video za sketibodi kwenye theluji huanza kwa kusaka Sony VX1000, ile kamera ya mwaka 1995 inayotumia kanda za MiniDV. Kamera tamu, sibishi. Ina mshikio juu, unaining'iniza usawa wa magoti na kukimbia nayo. Lakini imezeeka, vipuri vyake ni vya kuviwinda, na ukiitoa kwenye baridi ukaiingiza ndani ghafla inashika unyevu na kugoma. Una simu? Ifungie lenzi ya jicho la samaki, ile inayoona kwa upana mno na kupinda picha, uanze kazi.

Maana utamu wa video hizo uko kwenye ukaribu. Jicho la samaki likiwa karibu na mchezaji, ngazi fupi huonekana ndefu na reli ya kawaida, kile chuma cha kushikia ngazini ambacho mchezaji huteleza juu yake, inatisha. Kwenye skii ndipo penye kazi. Sketibodi ina urefu wa sentimita 80 hivi. Skii za kuchezea kwenye reli hukaribia 170 au 180, na ziko mbili. Mtu akijizungusha hewani, zile ncha zinafagia kila kilicho jirani, uso wako ukiwemo. Mimi hupatana kwanza na mchezaji atashukia upande gani, nakaa upande wa pili, tena mwanzoni mwa reli. Pale bado anakuja kwa mstari ulionyooka. Mwisho wa reli hata yeye hajui atatua wapi. Fimbo zake za skii aziache pembeni.

Mlimani, kwenye miteremko mikubwa, lenzi hiyo ivue. Inageuza kilele kuwa kichuguu. Panda mteremko wa upande wa pili, weka stendi, vuta kwa zumu, basi.

Ukimfuata ukiwa nawe umevaa skii, usikae nyuma yake moja kwa moja, utaishia kupiga video ya vumbi la theluji. Kaa ubavuni kidogo, kunja magoti yameze mitikisiko, na weka kitambaa kikavu mfukoni kwa ajili ya lenzi. Mwanga uuweke mwenyewe na kuufunga: kamera ikiachiwa iamue, huona weupe umezidi, ikapunguza mwanga, na theluji yote ikatoka kijivu. Betri za akiba ziweke ndani ya koti, karibu na mwili, kwani baridi huzimaliza haraka.

Kwenye kuhariri nina ukali kidogo. Onyesha mtu anavyokuja, anavyocheza, na anavyoondoka akiwa bado amesimama. Ukikata pale tu skii zinapogusa chini, mtazamaji anajua kuna jambo unaficha. Mwendo wa polepole uutumie mara moja moja, kwa kitu ambacho jicho haliwahi kukidaka. Mlio wa chuma chini ya skii uache usikike, muziki ushuke hapo. Na zile saa za kubeba theluji kwa koleo mpaka kwenye ngazi za mjini, ili skii zipate pa kuteleza, weka hata sekunde mbili. Ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe, ajabu ni kwamba wengi huifuta.

Ila ile programu ya kuchora mikwaruzo ya kanda bandia juu ya video ya simu, tafadhali, mniepushie.